JPEG inasema kamera A ni kali zaidi, RAW inasema zinalingana. Nishike namba ipi?

fundi_nyaraka

Wakuu, salaam.

Kuna kamera mbili hapa za kupigia nakala za dijitali za magazeti ya zamani, ukurasa mmoja wa A3 kwa kila pigo. Zote zina sensa ya APS-C ya pikseli 6000 × 4000 na zinavaa lenzi ileile ya makro. Zimepimwa kwa chati ya ukingo wa mshazari, f/5.6, ISO 100, taa zilezile, stendi ileile. Majibu ni haya:

JPEG ya kamera, mipangilio ya kiwandani: kamera A MTF50 (masafa, yaani wembamba wa maumbile, ambapo kontrasti inashuka hadi nusu) = 0.33 c/p (mizunguko kwa pikseli), kamera B = 0.26 c/p.
RAW (namba za sensa kabla kamera haijaziandaa kuwa picha), chaneli ya kijani peke yake: A = 0.25, B = 0.25.

Kwenye ISO 3200 mambo yanageuka. Kwenye kiraka cha kijivu, JPEG ya B ina mkengeuko sanifu wa 1.9 (kipimo cha 0 hadi 255), ya A ni 3.4. Kwa namba hizo B ndiyo safi. Lakini ukikuza picha unakuta nyuzi za karatasi zimefutika na herufi ndogo zilizofifia zinaonekana kama zimechorwa kwa rangi ya maji.

Nishike namba ipi? Je, A ina ukali wa kweli ambao RAW inauficha, au hapa napima programu ya ndani ya kamera?

mshazari

Mkuu, unapima programu. Lenzi moja, sensa zinafanana, RAW zinalingana. Tofauti yote kati ya 0.33 na 0.26 imepikwa ndani ya kamera, na ukijua inavyopikwa utaweza kuisoma namba yenyewe.

Kunoa picha, katika sura yake rahisi kabisa, ni kuipunguza kila pikseli kwa sehemu ya majirani zake wa kushoto na kulia, kisha kulikuza jibu ili mwanga wa jumla ubaki palepale:

mpya(x) = [ zamani(x) − (k/2) × ( zamani(x−d) + zamani(x+d) ) ] ÷ (1 − k)

Hapo k ni nguvu ya kunoa na d ni umbali wa jirani kwa pikseli. Kwenye masafa, maana yake ni kwamba MTF ya awali (kontrasti inayobaki kwa kila masafa) inazidishwa kwa (1 − k·cos 2πfd) ÷ (1 − k). Basi. Hakuna taarifa mpya iliyoingia kwenye picha, ni sawa na kupandisha sauti nyembamba kwenye redio.

Tufanye hesabu na RAW yako. Chukua mkunjo wa MTF wenye umbo la kengele unaopita 0.50 kwenye 0.25 c/p, kama kamera zako zote mbili. Weka k = 0.3 na d = 1. Kwenye 0.25 c/p kizidisho ni 1.43, kwa hiyo MTF inatoka 0.50 kwenda 0.71. Kwenye 0.3 kizidisho ni 1.56, inatoka 0.37 kwenda 0.58. Mkunjo mpya unaikata 0.50 karibu na 0.326 c/p. Kwa kimo cha pikseli 4000, umetoka mistari 2000 kwa kimo cha picha (kila mzunguko ni mistari miwili) hadi kama 2610, yaani asilimia 30 ya "ukali" bila kugusa lenzi.

Sasa acha k palepale, badilisha d iwe 2. MTF50 inakuwa karibu 0.33, kama mistari 2630. Ni kama namba ileile, sivyo? Lakini tazama mkunjo mzima: kwenye 0.1 c/p MTF imefika 1.16, na karibu na 0.15 iko 1.22. Imevuka 1. Ile ya d = 1 haikuvuka 1 popote. Kwa hiyo picha mbili zenye MTF50 karibu sawa, moja imenolewa kwa adabu, nyingine ina utepe mweupe kuzunguka kila herufi. MTF50 haina namna ya kukuonyesha tofauti hiyo, maana inaangalia nukta moja tu ambapo mkunjo unashuka kupita nusu. Ndiyo sababu namba hii ikitolewa peke yake mimi siitegemei hata kidogo.

Kwa magazeti kuna balaa la ziada. Ukurasa wa A3 una upana wa milimita 297. Pikseli 4000 zikiutosha, unapata kama pikseli 340 kwa inchi. Picha za magazeti huchapwa kwa vitone, na 85 kwa inchi ni kipimo cha kawaida sana. Gawanya: kitone kimoja kila pikseli 4, yaani 0.25 c/p. Kunoa kwa d = 2 kilele cha kizidisho chake kiko hapohapo, 1.86. Kamera inavichukua vitone vya wino na kuvikuza karibu mara mbili, halafu mtu akipunguza picha kwa ajili ya wavuti anashangaa mawimbi yametoka wapi.

Na kunoa hakubagui. Kunakuza chenga pia, yaani mtikisiko wa ovyo wa thamani za pikseli. Kwa chenga zisizohusiana kati ya pikseli na pikseli, mfano wa k = 0.3 unazipandisha mara 1.46, sawa na kupoteza dB 3.3 za uwiano wa picha kwa chenga. Kamera inalijua hilo, ndiyo maana inanoa na kulainisha kwa wakati mmoja. Huko ndiko namba zako za ISO 3200 zinakotoka, na nadhani kuna wenye maneno zaidi juu ya hilo.

Tuwekee mkunjo mzima wa A, siyo MTF50 tu. Kilele chake ni kiasi gani, na kiko wapi?

kijivu18

Naanzia hapo kwenye chenga. Zile 1.9 na 3.4 zina kasoro mbili, na ya kwanza watu wengi huiruka.

Kasoro ya kwanza ni mkunjo wa toni. JPEG haina uhusiano wa mstari mnyoofu na mwanga. Juu ya gama (mkunjo wa kawaida wa kung'arisha toni za kati) kuna umbo la S la kuongeza kontrasti, na kila kampuni ina lake. Pale mkunjo ulipo mkali chenga zinakuzwa, ulipolala zinafinywa. Kamera inayoziminya sehemu za giza mpaka ziwe nyeusi itaonekana haina chenga gizani kabisa, kumbe imefuta chenga pamoja na picha. Kabla ya kulinganisha, piga chati ya viraka vya kijivu vyenye msongamano unaojulikana, chora thamani ya JPEG dhidi ya mwanga halisi, tafuta mwinuko wa mkunjo kwenye kiraka chako, kisha gawa mkengeuko sanifu kwa mwinuko huo. Hapo ndipo A na B zinakuwa kwenye mizani moja. Angalizo: mkengeuko ukishuka chini ya kama 0.5 kwenye JPEG ya biti 8, unaanza kupima kuzungusha namba, maana kuzungusha peke yake kunaleta 0.29 (moja gawa kwa kipeuo cha pili cha 12).

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Mkengeuko sanifu unahesabu chenga zina ukubwa gani, hauhesabu zimetawanyikaje. Kulainisha kunageuza chenga ndogo kali kuwa madoa mapana hafifu. Namba inashuka, jicho linaona matope.

Kipimo cha kuligundua hilo ni rahisi. Fungua picha kwenye programu ya ImageJ, chukua chaneli ya kijani, igeuze iwe ya biti 32 (ukisahau hatua hii, programu inazungusha namba na majibu yanaharibika), chagua eneo la pikseli 200 × 200 ndani ya kiraka cha kijivu, soma mkengeuko. Kisha nenda Image, Transform, Bin, unganisha 2 × 2 kwa wastani, soma tena. Rudia kwa 4 × 4.

Chenga zisizohusiana zinashuka mara 2 kamili kwa 2 × 2, na mara 4 kwa 4 × 4. Sasa chukua kichujio cha kijinga kabisa, wastani wa 3 × 3. Kinapunguza mkengeuko mara 3 papo hapo, na kwenye karatasi ya matangazo hiyo ni dB 9.5. Ukiunganisha 2 × 2 baada yake, unashuka mara 1.2 tu. Ukiunganisha 4 × 4, mara 1.71. Yaani kwenye ukubwa ambao mtu ataiangalia picha, faida ya mara 3 imebaki mara 1.29, na gharama yake ni kila kitu chembamba kuliko pikseli tatu. JPEG ya kawaida haitafika 2 kamili hata bila kulainishwa, kwa sababu kujaza rangi kati ya pikseli za RGB nako kunahusianisha majirani. Ukiona 1.6 usishtuke. Ukiona chini ya 1.4, kamera inapaka.

Kuhusu nyuzi za karatasi ulizoona zimefutika: vichujio vya siku hizi si wastani wa kijinga. Vinaangalia tofauti kati ya pikseli na jirani zake. Tofauti ikiwa kubwa, kichujio kinasema huu ni ukingo na hakiugusi, pengine kinaunoa. Tofauti ikiwa ndogo, kinasema hizi ni chenga na kinasawazisha. Ukingo wa chati yako ni mweusi kwenye mweupe, unapita salama. Nyuzi za karatasi zina tofauti ya asilimia chache tu, na wino uliofifia ni hivyohivyo, kwa hiyo vinahesabiwa kuwa chenga. Kwa maneno mengine, MTF uliyoipima kwenye chati si MTF inayotumika kwenye karatasi yako. Kila kontrasti ina MTF yake, kwenye kamera ileile, kwenye pigo lilelile.

Hii ndiyo sababu kiwango cha ISO 12233 kilipofanyiwa marekebisho 2014 kilishusha kontrasti ya ukingo wa mshazari hadi 4:1. Toleo la 2000 lilikuwa na ukingo wa kontrasti kubwa mno, na kamera zilikuwa zinaufaidi.

fundi_nyaraka

Asanteni sana, mmenifungua macho.

@mshazari, mkunjo wa A kwenye JPEG una kilele cha 1.17 karibu na 0.15 c/p. B inafika 1.02.

@kijivu18, ISO 3200: A inatoka 3.4 kwenda 2.2 kwa 2 × 2, na 1.3 kwa 4 × 4. B inatoka 1.9 kwenda 1.5, kisha 1.05.

Kwa hiyo naona heri kupima RAW na kuachana na haya yote. RAW si inakuwa haijaguswa?

kijivu18

B imeshuka mara 1.27 tu, hiyo inapaka. Ona pia pengo: kwenye pikseli A ilikuwa na chenga mara 1.8 ya B, kwenye 4 × 4 imebaki 1.24, na bado hatujagawa kwa mwinuko wa toni. Kwa RAW namwachia chujio.

chujio

RAW imeguswa pia. Si kila kamera na si kila hali, lakini usiiapie.

Nyeusi iliyokatwa. Ukipiga picha na kifuniko cha lenzi kikiwa juu, thamani zinatakiwa kucheza juu na chini ya kiwango fulani cha nyeusi. Canon nyingi za biti 14 zinaweka 2048, nyingi za Sony 512, kwa hiyo unaona pande zote mbili za kengele. Nikon kadhaa za zamani zilikuwa zinatoa kiwango hicho ndani ya kamera na kukata chochote kilicho chini ya sifuri. Nusu ya kengele inakuwa sifuri tupu, na mkengeuko unaousoma ni 0.58 ya ule wa kweli. Ukikokotoa upana wa mwanga ambao kamera inaumudu, toka giza hadi angavu, kutokana na namba hiyo unajipa stopu 0.78 za bure (stopu moja ni mwanga mara mbili). Dawa: angalia histogramu ya picha ya giza. Ikiwa na ukuta kwenye sifuri, pima upande uliobaki kwa kuulinganisha na nusu ya kengele, usichukue mkengeuko wa jumla.

Kubanwa kwa RAW. ARW ya Sony iliyobanwa kwa hasara inafanya kazi kwa vikundi vya pikseli 16 za rangi moja: inaandika kubwa na ndogo kwa biti 11, zilizobaki zinaandikwa kama tofauti za biti 7. Kwenye kiraka cha kijivu huwezi kuona kitu. Kwenye ukingo mkali, ambapo kikundi kimoja kina giza na mwanga pamoja, hatua za biti 7 zinakuwa pana na upande wa giza unachafuka. Na ukingo mkali ndio hasa tunaoupimia MTF. Kama kamera inatoa RAW isiyobanwa au iliyobanwa bila hasara, tumia hiyo.

Kuchuja. Baadhi ya kamera za mfululizo wa a7 wa Sony zilikuwa zinafuta pikseli moja moja zinazong'aa kwenye muda mrefu wa shata, wapiga picha za nyota wakalipa tatizo hilo jina la "mla nyota". Kamera nyingine zinalainisha RAW kwenye ISO fulani tu. Namna ya kugundua: piga picha mbili za giza kwa ISO ileile, toa moja kwenye nyingine ili alama za kudumu za sensa ziondoke (gawa mkengeuko kwa 1.41, maana chenga za picha mbili zimejumlishwa), chukua chaneli moja ya rangi, kisha fanya FFT (hesabu ya kuigawa picha kwa masafa yake) kwenye ImageJ. Chenga safi zinatoa mraba wa kijivu uliosambaa sawasawa. Kitovu kikiwa angavu na pembe zikafifia, kuna kichujio kimepita.

Kuna kipimo kingine kinachokamata mengi: piga kiraka kimoja kwa mianga saba au nane tofauti, picha mbilimbili za kutoa moja kwenye nyingine kama hapo juu, chora mraba wa mkengeuko dhidi ya wastani (baada ya kutoa nyeusi). Mwanga unakuja kwa chembe, kwa hiyo mraba wa mkengeuko lazima upande kwa mstari mnyoofu pamoja na wastani. Mstari ukipinda katikati ya njia, programu imetia mkono. Kupinda kule juu kabisa, karibu na kujaa, ni kawaida, hapo pikseli zimeanza kufurika.

Halafu marekebisho ya lenzi. Kamera nyingi zisizo na kioo zinaandika ndani ya faili la RAW maelekezo ya kunyoosha mistari, na programu nyingi za kufungua RAW zinayatekeleza bila kukuuliza. Kunyoosha ni kuvuta pikseli na kukisia zilizo katikati, kwa hiyo pembe zinapoteza ukali, na lenzi inalaumiwa kwa kosa la hesabu. Kurekebisha giza la pembeni kuna kisa tofauti: pembe iliyopungua stopu 2 inazidishwa mara 4, mkengeuko wa chenga unapanda mara 4, lakini uwiano na mwanga unabaki uleule. Ukiripoti mkengeuko mtupu, utasema pembe za sensa ni mbovu.

mpokea_jpeg

Wakuu, kwa heshima, mnampeleka mbali. Mwenye gazeti hatapewa RAW wala chaneli ya kijani, atapewa TIFF au JPEG iliyokamilika. RAW inakuambia lenzi na sensa zinaweza nini. Faili la mwisho linakuambia msomaji amepata nini. Ukipima RAW tu, halafu mtu wa zamu ya usiku akaacha kulainisha kumewashwa, utakuwa na ripoti safi na nyaraka zilizofutika.

Wenye miongozo ya kudijitisha nyaraka waliliona hili. FADGI ya Marekani, Metamorfoze ya Uholanzi na ISO 19264-1 wanapima faili linalotolewa, na wanaweka kikomo cha juu cha mkunjo wa MTF, siyo cha chini peke yake. Ule 1.17 wa kamera A unapaswa kukutia wasiwasi, haupaswi kukufurahisha.

Na kwa maumbile ya karatasi msitegemee ukingo kabisa. Tumieni chati ya majani makavu: miviringo ya ukubwa mbalimbali na kijivu mbalimbali iliyolaliana ovyo, kontrasti ndogo. Takwimu zake za masafa zinajulikana mapema, kwa hiyo unalinganisha nguvu ya picha na nguvu ya chati kwa kila masafa. Kichujio cha B hakiwezi kuitofautisha na chenga, kitaifuta, na mkunjo utaanguka. Onyo moja: njia ya zamani inatoa nguvu ya chenga iliyopimwa kwenye kiraka tupu pembeni. Kamera inalainisha kiraka tupu kuliko inavyolainisha majani, kwa hiyo unatoa chenga pungufu na chenga zilizobaki zinahesabiwa kama maumbile. Kama programu yako inaweza kulinganisha picha na mchoro halisi wa chati nukta kwa nukta, tumia njia hiyo.

mshazari

Nakubaliana na mpokea_jpeg, vipimo viwili, majina mawili, visichanganywe kwenye jedwali moja. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu.

Kwenye kamera, kwanza zima kila kinachobadilika kutokana na picha: mwangaza wa kujirekebisha wenyewe (kwa Nikon ni Active D-Lighting, kwa Canon ni Auto Lighting Optimizer), kulinda sehemu angavu, kulainisha kwa muda mrefu wa shata, marekebisho ya mtawanyiko wa mwanga kwenye tundu dogo. Hiki cha kulinda sehemu angavu kwa Canon kinaanzia ISO 200, kwa sababu kamera inapiga kwa mwanga pungufu kisha inapandisha toni. Ukikiacha, chenga za "ISO 200" yako ni za kitu kingine. Mizani ya nyeupe iwe ya mkono, isiwe ya kujichagulia.

Kupiga: ukingo uwe na mshazari wa digrii 5 hivi. Ukiwa wima kabisa, programu haipati hatua za robo pikseli inazozihitaji kujenga mkunjo. Upande mweupe usipite kama asilimia 80 ya kujaa. Hili ni kosa ninaloliona kila mara: mweupe ukijaa, mteremko wa ukingo unakatwa juu, ukingo unaonekana mfupi, MTF inapanda yenyewe. Kwenye JPEG ni vibaya zaidi, maana utepe mweupe wa kunoa unagonga 255 na kufichwa, kilele cha mkunjo kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Piga mapigo 9 au zaidi ukisogeza fokasi hatua ndogo, chukua lililo bora. Tofauti ya 0.02 c/p kati ya kamera mbili kwa pigo mojamoja ni fokasi tu, usiijengee hoja.

RAW, kwa programu za dcraw na mtf_mapper:

dcraw -D -4 -T faili.NEF
mtf_mapper faili.tiff matokeo --bayer green -r

-D inatoa namba za sensa bila kupandisha wala kujaza rangi, -4 inaziacha kwenye mstari mnyoofu wa biti 16, -T inaandika TIFF. Nyeusi haijatolewa, na kwa MTF haina shida kwa sababu hesabu inafanywa juu ya mabadiliko, thamani ya kudumu inajifuta. Kwa chenga lazima uitoe mwenyewe. dcraw iliishia toleo 9.28 la 2018, kwa hiyo kwa kamera mpya tumia unprocessed_raw iliyomo kwenye LibRaw, nayo ukiiongezea -T inatoa TIFF.

Faili la mwisho: pima TIFF ileile inayoingia kwenye hifadhi, kwa ukingo wa 4:1, na uiambie programu mkunjo halisi wa toni ulioupima kwenye viraka, usiiachie idhani ni gama 2.2. Andika vitu vitatu pamoja, MTF50, kilele na mahali kilipo. Ongeza mkengeuko kwa 1 × 1, 2 × 2 na 4 × 4.

Kwa kamera zako: A teremsha Sharpness hatua mojamoja mpaka kilele kikae 1.0 au chini, MTF50 itashuka karibu na ya B na hiyo ni sawa. B zima Noise Reduction ya ISO kubwa, kisha pima tena 2 × 2. Baadhi ya kamera neno "Off" kwenye menyu linamaanisha "kidogo", kwa hiyo ikibaki chini ya 1.4 hata baada ya kuzima, JPEG ya kamera hiyo haifai kwa wino uliofifia, piga RAW na ufungue kwa programu ambayo kunoa na kulainisha vimewekwa sifuri. Na jamani, gazeti halikimbii. Rudi ISO 100, ongeza muda wa shata, nusu ya mjadala huu itakuwa haikuhusu.

fundi_nyaraka

Noise Reduction ya B nimeizima: 2 × 2 inashuka mara 1.6, nyuzi za karatasi zimerudi. A nimeishusha hatua mbili, kilele 1.01, MTF50 0.27. Kesho napima TIFF.

kijivu18

Ukipima TIFF, angalia na pembe za ukurasa, siyo katikati tu.